Umetoa Nini, Umeweka Nini? Mlo, Lehemu na Moyo

Hotuba iliyotolewa Dodoma mbele ya mama lishe, wakamuaji wa alizeti na watumishi wa umma. Imewekwa hapa kamili kwa ajili ya ambao hawakufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Mbukwenyi!

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, akina mama lishe wa Majengo na Sabasaba, ndugu zetu wakamuaji, na ninyi watumishi mliohamia Makao Makuu mkakalia viti kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri: asanteni kwa kuja.

Mikutano ya namna hii huwa na maswali yaleyale. Yai ni baya? Nyama ya ng'ombe je? Mafuta gani hayana kolestro? Hilo la mwisho tulimalize hapahapa. Mafuta ya mmea wowote hayana kolestro ya kuhesabika. Alizeti haina, mawese hayana, nazi haina. Kwa hiyo dumu lililoandikwa kwa herufi kubwa kwamba halina kolestro linasema kweli, na bado halijakusaidia kitu. Mawese hayana lehemu, yaani hiyo hiyo kolestro, ndani yake, lakini yanapandisha lehemu iliyomo kwenye damu yako. Inakuwaje?

Lehemu nyingi iliyomo mwilini haikuja na sahani. Ini ndilo linaloitengeneza, na mwili unaihitaji: kuta za seli, homoni na nyongo vinaitegemea. Ini huituma kwenye damu ikiwa imefungwa ndani ya chembechembe, na zile tunazoziogopa zinaitwa LDL. LDL ikiwa nyingi kwa miaka mingi, hupenya ukuta wa mshipa na kunasa humo. Ukuta unavimba. Siku ule uvimbe ukipasuka, damu inaganda juu yake na njia inaziba. Ukiwa mshipa wa moyo, ni shambulio la moyo. Ukiwa wa ubongo, ni kiharusi.

Na nani anaiondoa LDL kwenye damu? Ini lilelile. Kule Marekani madaktari wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, walichunguza wagonjwa waliozaliwa na lehemu ya juu kupita kiasi, wengine wakipata shambulio la moyo wakiwa bado watoto. Wakagundua kwamba seli za kawaida zina milango ya kupokelea LDL, na kwa wagonjwa wale milango hiyo ilikosekana au ilikuwa mibovu. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Shikeni hapo kwenye milango, maana mazungumzo yote ya leo yanapita humo. Mafuta yanayoganda, yaani ya ng'ombe, samli, siagi, mawese na nazi, hupunguza milango ya ini. LDL inabaki kwenye damu. Mafuta yasiyoganda, kama ya alizeti, soya, ufuta na karanga, yakichukua nafasi ya hayo, milango inaongezeka. Nimesema yakichukua nafasi. Sikusema yakiongezwa juu yake. Kwa hiyo leo naomba tuliache swali la chakula kizuri na chakula kibaya, tuulize hivi: umetoa nini, umeweka nini?

Tuanze na mafuta ya kupikia, na tuanzie kisiwani Mauritius. Mwaka 1987 serikali ya huko ilianza mpango wa kupambana na magonjwa ya moyo na kisukari. Mafuta waliyotumia watu wengi, yale ya bei nafuu, yalikuwa ya mawese kwa sehemu kubwa. Serikali ikabadilisha kilichomo ndani ya chupa: yakawa ya soya matupu. Mama hakufundishwa kupika upya wala hakuna aliyenyimwa kaango lake. Walipopima watu tena mwaka 1992, wastani wa lehemu yote ulikuwa umeshuka kutoka 5.5 hadi 4.7 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Watafiti walisema wazi kwamba mafuta peke yake yalieleza karibu nusu tu ya mteremko huo, kwa kuwa mambo mengine ya maisha nayo yalibadilika. Hata nusu hiyo, kwa kisiwa kizima, kwa kubadilisha chupa, si jambo dogo.

Sasa turudi Dodoma. Hapa na jirani zetu wa Singida ndiko alizeti inakolimwa. Mashine za kukamua ziko hadi vijijini. Halafu tunaingia dukani kununua mawese yaliyovuka bahari kwa sababu dumu limepungua bei kidogo! Hebu tupige hesabu. Familia ya watu watano inayomaliza dumu la lita 5 kwa mwezi, kila mtu anakula gramu 30 hivi za mafuta kwa siku, kama vijiko viwili vya chakula. Yakiwa ya mawese, karibu nusu yake ni mafuta yanayoganda: gramu 14 hivi. Yakiwa ya alizeti, ni kama asilimia 11 tu: gramu 3 na kitu. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yanayoganda yasizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, na kwa mtu anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 22. Mwenye dumu la mawese ametumia zaidi ya nusu ya kiasi hicho kabla hajagusa nyama, maziwa wala andazi.

Mtayatambuaje? Julai inakuja na baridi yake. Asubuhi, kabla jua halijapanda, angalia dumu. Mawese yanakuwa na ukungu mzito na kuganda chini, mpaka ukilitingisha dumu linatoka donge jeupe. Alizeti inabaki inatiririka. Lakini msimkamate mtu bure: alizeti ya kukamua ambayo haijasafishwa sana ina nta ya ganda la mbegu, na nta hiyo huleta ukungu mwepesi kwenye baridi. Ukungu mwepesi si tatizo. Dumu linalouzwa kwa jina la alizeti na limeganda nusu nzima, hapo muulize muuzaji amechanganya nini.

Wakamuaji, na ninyi mna sehemu yenu. Mafuta yakitoka kwenye mashine yana vipande vya mashudu na maji. Yakipakiwa hivyohivyo yanachacha mapema, na yakiwekwa jikoni yanatoa moshi hata kaango halijapata moto wa kutosha. Yaacheni yatulie, yachujeni vizuri, na msiyaanike juani barabarani kwenye chupa zinazopitisha mwanga. Najua chupa zikipangwa kando ya barabara jua likazipiga zinavutia wateja. Ndivyo yanavyoharibika.

Kwa wenye vibanda vya chipsi nina jambo gumu zaidi. Alizeti ya kawaida haipendi kurudiwarudiwa. Ina aina ya mafuta inayoharibika haraka kwenye moto mkali, na hiyo ni sababu mojawapo ya wakaangaji kupenda mawese: yanavumilia. Sitawadanganya kwamba hili halipo. Ukikaangia alizeti, punguza moto, nyuzi 170 hadi 180 zinatosha. Futa viazi maji kabla ya kutumbukiza. Tia chumvi baada ya kuopoa, kwa sababu chumvi na maji ndivyo vinavyoyaua mafuta. Chuja kila jioni. Usijazie mafuta mapya juu ya yaliyochoka. Yakitoa povu lisilotulia, yakiwa meusi, mazito, yanaleta moshi kabla ya kiazi kuingia, yamekwisha. Yamwage.

Na mlaji ajue anachonunua. Chipsi hunywa mafuta, kwa kawaida zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Sahani ya gramu 300 inaweza kuwa na gramu 36 za mafuta. Kwa mawese, hapo mna gramu 16 za mafuta yanayoganda kati ya zile 22 za siku. Kwa alizeti ni 4. Halafu mtu anakula chipsi mayai na kulilaumu yai! Yai moja lina miligramu 200 hivi za lehemu, na kwa watu wengi ini hufidia sehemu kubwa kwa kupunguza linachotengeneza. Mwenye kisukari, au aliyerithi lehemu ya juu, apunguze viini. Kwa wengi wetu yai la kuchemsha halina kesi ya kujibu.

Mafuta ya mgando ya viwandani ni jambo la maneno machache. Ukiona kwenye lebo kwamba mafuta ya mmea yamegandishwa kwa haidrojeni kwa sehemu, rudisha kopo. Hayo yanapandisha LDL na kushusha HDL, ile chembe tunayopenda iwe juu, kwa pamoja. Hakuna kiasi chake kinachokufaa.

Sasa jambo la pili, na hapa watu wenye nia njema ndipo wanapoangukia. Mtu anaambiwa apunguze mafuta. Anaacha nyama, anaacha maziwa. Anaweka nini? Mkate mweupe, chai ya sukari vijiko vitatu, soda, na mlima wa ugali wa sembe. Baada ya miezi sita anapima. LDL imeshuka kidogo, lakini trigliseraidi, yaani mafuta mengine yanayosafiri kwenye damu, yamepanda, na HDL imeshuka. Moyo haukupata nafuu. Tafiti za miaka mingi zinakubaliana hapa: mafuta yanayoganda yakibadilishwa kwa mafuta yasiyoganda, hatari ya moyo inapungua, yakibadilishwa kwa sukari na unga mweupe, haipungui.

Vikombe vinne vya chai, vijiko vitatu kila kimoja, ni vijiko kumi na viwili, karibu gramu 50, ndiyo mpaka wa juu wa siku nzima. Na bado hujafungua soda.

Chukua majibu mawili ya maabara. Bwana wa kwanza ana lehemu yote 5.6, HDL 1.8, trigliseraidi 1.0. Bwana wa pili ana lehemu yote 4.9, HDL 0.8, trigliseraidi 2.8. Nani anashangilia? Wa pili, kwa kuwa ameambiwa isizidi 5. Sasa toeni HDL kwenye jumla. Wa kwanza anabaki na 3.8. Wa pili anabaki na 4.1. Hiyo iliyobaki ndiyo jumla ya chembechembe zinazoweza kunasa ukutani, na kwa mtu asiye na ugonjwa tunapenda iwe chini ya 4. Aliyekuwa anashangilia ndiye mwenye kazi. Kwa hiyo ukipewa namba moja tu, omba zote nne: lehemu yote, LDL, HDL, trigliseraidi. Angalia na kipimo. Maabara nyingine huandika miligramu kwa desilita, mtu anaona 190 na kuanza kuandika wosia. Gawanya kwa 38.7 unapata 4.9. Trigliseraidi zina kigawanyo chake, 88.6, usichanganye.

Jambo la tatu linaletwa kila mara na mtu wa nyuma ya ukumbi, kwa hiyo nimtangulie. Mbona Wamasai wanakunywa maziwa, wanakula nyama, na mioyo yao ni mizima? Swali zuri, na lilishaulizwa na mtafiti. George Mann wa Marekani alifika kwa Wamasai wa Tanganyika, akachapisha matokeo yake mwaka 1964. Kweli alikuta lehemu ya chini na dalili chache sana za ugonjwa wa moyo, pamoja na maziwa na nyama yote ile. Wapenda mnofu huishia hapo.

Lakini Mann hakuishia hapo. Mwaka 1972 yeye na wenzake walitoa taarifa ya uchunguzi wa mishipa ya wanaume hamsini wa Kimasai waliokuwa wamefariki. Walikuta nini? Mafuta yalikuwa yameshika kwenye kuta za mishipa, tena kwa wingi. Tofauti ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imetanuka kadiri umri ulivyoenda, kwa hiyo njia ya damu ilibaki wazi. Mann alihusisha hilo na kutembea: watu wembamba, wanaofuata mifugo siku nzima, mwaka baada ya mwaka. Sasa nikuulize, ndugu yangu unayekwenda mnadani Msalato. Umechukua nyama ya yule mzee. Umechukua na miguu yake? Umeegesha gari hatua ishirini kutoka kwenye jiko la kuchomea, umeagiza kilo na nusu, umeshushia na vitu baridi, Jumatatu umerudi kitini. Huo si mlo wa Kimasai.

Simnyimi mtu nyama choma hapa Dodoma, nisingetoka salama. Mbuzi aliyetembea malishoni ana mafuta machache kuliko ng'ombe wa kunenepeshwa. Chagua mnofu, kata mafuta ya pembeni kabla ya moto, kachumbari iwe nyingi kuliko unavyoona aibu kuomba. Supu ya asubuhi, mwenye jiko aipike jana yake: ikilala kwenye ubaridi mafuta yanaganda juu, unayaondoa kwa upawa kama sahani, unapasha kilichobaki. Ladha iko kwenye mifupa, haiendi popote.

Tumesema vya kutoa. Sasa vya kuweka, na nina furaha kwamba vingi vimo ndani ya mkoa huu.

Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa hapahapa nchini, upande wa Lugalawa, Ludewa. Walilinganisha watu zaidi ya 1,200 wa asili moja: wanaokaa kando ya Ziwa Nyasa na kula samaki kila siku, na wanaokaa milimani wakiishi kwa nafaka na mboga. Wa ziwani walikuwa na presha ya chini zaidi, na lehemu yao ilikuwa 3.5 dhidi ya 4.1 ya wenzao. Angalieni kwamba hata wa milimani, kwa 4.1, walikuwa chini ya wengi mliomo humu. Sisi ziwa hatuna, lakini dagaa tunao sokoni na samaki wa Mtera wanafika. Sharti waliwe wa kuchemsha au kuchoma. Samaki aliyezamishwa kwenye mafuta ya juzi umeshampoteza. Wale wa chumvi waloweke na kumwaga maji kwanza.

Halafu jamii ya kunde: kunde zenyewe, choroko, mbaazi, maharage, njugu mawe. Zina nyuzinyuzi laini ambazo tumboni hushika nyongo na kutoka nayo. Ini likikosa nyongo linalazimika kutengeneza nyingine, na malighafi yake ni lehemu, kwa hiyo linafungua milango na kuivuta kutoka kwenye damu. Gramu 130 za jamii ya kunde zilizoiva kila siku, kama robo tatu ya kikombe, hushusha LDL kwa asilimia 5 hivi. Kila siku, ndugu zangu, si Jumapili kwa Jumapili. Ziloweke usiku, mwaga maji, pika, unga kwa kijiko kimoja cha alizeti au karanga za kusagwa. Karanga zichambueni: yenye ukungu, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, itupwe. Mnaukumbuka mwaka 2016 na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kule Chemba na Kondoa. Sumu ile hushambulia ini, na ini ndilo tunalolitegemea kwa kazi hii yote.

Ugali wa dona, wa uwele au wa mtama usiokobolewa uchukue nafasi ya sembe. Dona huchacha kwa sababu kiini cha hindi kina mafuta, hivyo saga kidogokidogo, wa wiki mbili au tatu, usijaze gunia.

Na mlenda! Utelezi ule ni nyuzinyuzi laini hasa. Mlenda na ugali wa uwele, pembeni kunde, ni mlo ambao mtaalamu wa moyo popote duniani angeupigia saini. Angesita kwenye kitu kimoja: magadi. Mama anatia magadi majani yalainike haraka na utelezi uongezeke. Halafu anatia chumvi. Halafu kile kiungo cha kidonge. Vyote vitatu ni sodiamu, na sodiamu inapandisha presha, na presha ndiyo inayoichosha mishipa ambayo LDL inaitafuta. Chumvi ya siku nzima ni gramu 5, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na iliyojificha. Majani mabichi hayahitaji magadi, yanahitaji dakika chache zaidi. Makavu, loweka kwanza. Ukishindwa kabisa, tia magadi kwa ncha ya vidole na uache chumvi.

Kwamba mlo mzima una nguvu kuliko kitu kimoja, Wamarekani walilijaribu kwa watu 459, wakachapisha mwaka 1997. Kundi moja liliongezewa matunda na mboga tu. Jingine lilipata matunda, mboga, maziwa yaliyotolewa mafuta, nafaka zisizokobolewa, na mafuta yanayoganda yakapunguzwa. Chumvi ilikuwa sawa kwa wote. Ndani ya wiki nane presha ilishuka kwa makundi yote mawili, lakini la pili lilishuka karibu mara mbili ya la kwanza, na LDL ilishuka kwa hilo la pili tu. Kuweka bila kutoa kulifika nusu ya safari.

Ukibadili mlo leo, LDL huanza kusogea ndani ya wiki chache. Pima kwanza, badili, kisha rudia baada ya wiki 6 hadi 12, maabara ileile ikiwezekana. Usipime ukiwa na homa kali au umetoka kwenye upasuaji, namba zinadanganya. Aliyeandikiwa dawa za kushusha lehemu asiziache kwa sababu ya hotuba hii. Mlo na dawa vinafanya kazi pamoja. Na kama LDL yako ni 5 au zaidi, au nyumbani kwenu kuna mwanaume aliyepata shambulio la moyo kabla ya miaka 55 au mwanamke kabla ya 65, huenda ni ile milango ya kurithi. Hapo kunde peke yake hazitoshi. Mwone daktari, na watoto wapimwe.

Nimemaliza upande wangu. Kipimo cha presha kiko mlangoni upande wa kushoto. Kaeni dakika tano kwanza, msipime mkiwa mmesimama wala mkiwa mmetoka kunywa kahawa. Mama wa mwisho kabisa pale amenyoosha mkono tangu niliposema magadi. Karibu, mama.